Mkono Usio na Pupa

Ukitaka kumjua fundi wa maji, usimuulize alisomea wapi. Mtazame anavyofungua valvu. Wa kubahatisha huizungusha mpaka mwisho kwa mkupuo mmoja, akajifuta mikono, akaenda zake. Fundi hasa huzungusha robo, akanyamaza. Huinama ndani ya chemba, akaweka kiganja juu ya bomba asikie linavyotetemeka, akangoja mtetemo utulie, ndipo aongeze robo nyingine. Waliopanga ndoo kwenye kituo kule chini humwona anawachelewesha, na ni kweli anawachelewesha.

Nimemfuata fundi wa aina hii ya pili kwenye mradi mmoja wa maji ya mserereko, upande wa kusini wa Kilimanjaro. Maji yanatoka msituni juu na kushuka yenyewe, bila pampu wala umeme, mpaka kwenye vituo vya kuchotea vilivyotawanyika kati ya migomba. Jina lake halihitajiki hapa. Kijijini wanamwita Fundi tu, kana kwamba hakuna fundi mwingine, ingawa wapo wa cherehani, wa pikipiki na wa simu. Nilikwenda nikidhani nitajifunza habari za spana na viungio. Nikakuta kwamba karibu kila kitu anachokijua, ambacho jirani yake hakijui, kinahusu lini asiguse, na akigusa, aguse taratibu kiasi gani.

Tuanze na hiyo valvu. Bomba la inchi nne lenye urefu wa kilomita moja hubeba karibu tani nane za maji. Tani nane zikiwa mwendoni, hata kama ni mwendo wa mtu anayetembea, hazisimamishwi kwa kufumba na kufumbua bila kitu kuumia. Mrusi Nikolai Zhukovsky alilipima jambo hili kwenye mabomba ya jiji la Moscow mwishoni mwa karne ya 19, na hesabu aliyoitoa mwaka 1898 ingali inatumika. Maji yanayokwenda mita 1 kwa sekunde ndani ya bomba la chuma, yakizuiwa ghafla, huongeza msukumo unaokaribia ule wa maji yaliyosimama kwa kimo cha mita 100. Bomba lililotengenezwa kuhimili mita 60 halina pa kukimbilia. Bomba la plastiki hunyumbuka kidogo, kwa hiyo kishindo chake ni hafifu zaidi, lakini viungio vyake navyo si vya kuvitegemea sana. Wataalamu wanakiita kishindo hicho nyundo ya maji, na aliyewahi kusikia mabomba ya nyumba yakigonga ukutani mtu anapofunga koki kwa nguvu ameshaisikia ikiwa ndogo.

Kufungua nako kuna hatari yake, nayo ni hewa. Bomba lililokauka limejaa hewa, na ukilijaza kwa fujo hewa hiyo hunaswa kwenye vilele, pale bomba linapopanda kilima kabla ya kushuka tena. Maji hufika hapo yakakwama. Watu husema bomba limeziba, wanachimba mita 20 za mtaro, wanakata, wanaunga upya, kumbe hapakuwa na kizuizi chochote cha kushikika. Kwenye vilele hivyo kuna valvu ndogo za kutolea hewa, na Fundi akishafungua robo ya kwanza hupanda kilima kwa miguu kwenda kuzisikiliza. Zikipuliza, anakaa. Zikianza kutema maji, anarudi chini kuongeza robo nyingine. Kujaza njia yote baada ya matengenezo kunaweza kumchukua nusu siku. Kijana anayejifunza kwake aliwahi kumwambia, mbele yangu, kwamba angeweza kuimaliza kazi ile kwa dakika kumi. Mzee akamjibu, "Ndiyo, utaimaliza. Na kesho utaianza tena ukiwa na jembe."

Mambo mengine ya mradi nitayapitia haraka, maana yanajieleza. Kila mita 10 za kushuka huongeza msukumo wa karibu bar moja, kwa hiyo kijiji kilicho mita 300 chini ya chanzo kingepokea maji ya kung'oa koki ukutani. Ndiyo sababu njiani kuna matenki madogo ya kupunguza msukumo, visanduku vya zege ambamo maji humwagika, hupumua, kisha huanza safari upya kana kwamba chanzo ni hapo. Wachagga walikuwa na maarifa ya mserereko muda mrefu kabla ya mabomba. Mifongo yao iliyochimbwa kufuata miinuko, pamoja na mabwawa madogo waliyoyaita nduwa, ilihitaji jicho la kujua mteremko hafifu kiasi gani unatosha maji yaende bila kuchimba kingo. Aliyekuwa akisafisha mfongo zamu yake ikifika angeielewa kamati ya maji ya leo bila kueleweshwa.

Kazi ngumu zaidi ya Fundi huja masika. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi hushuka na kila kilichokuwa kimelala juu ya ardhi kwa miezi: majani yaliyooza, kinyesi cha mifugo na cha wanyama wa msituni, udongo mwekundu. Mto hugeuka rangi ndani ya saa moja. Mtu asiyejua angefurahi kwamba maji yameongezeka. Fundi huvaa buti na kupanda mpaka kwenye tekeo, pale maji ya mto yanapoingilia, kwenda kuyafunga. Anayaacha mafuriko hayo ya kwanza yapite yaende zake, na kijiji kinakunywa yaliyomo kwenye tenki. Akitaka kujua kama wakati wa kufungua umefika, huchota maji kwa chupa ya plastiki isiyo na rangi, akaisimamisha juu ya kipande cha gazeti, akachungulia kwa mdomo wa chupa mpaka chini. Asipoweza kusoma kichwa cha habari, hafungui. Mhandisi ana kifaa chake cha kupima tope kwa tarakimu, na Fundi amewahi kukitumia wakaguzi walipokuja, lakini kipande cha gazeti hakihitaji betri.

Ni siku hizo anapolaumiwa zaidi. Nilikuwepo alipokutana na mama mmoja njiani, ameshika mwavuli kwa mkono mmoja na ndoo tupu kwa mwingine.

"Shikamoo Fundi. Mvua yote hii, na koki kavu?"

"Marahaba, mama. Hiyo ni ya kuoteshea mahindi. Ya kunywa ni kesho."

Mama akacheka, lakini si kwa furaha. Kinga ndoo yako chini ya bati basi, Fundi akamwambia, na yule mama akasema mapipa yake yote yameshajaa, anachotaka ni maji ya bomba. Niliona hapo jambo ambalo takwimu za maji hazilionyeshi. Mtu aliyekwisha kuyaamini maji ya koki hataki tena mengine, hata yakimwagika bure paani kwake.

Maji yakishaingia kwenye tekeo hupita kwanza kwenye mtaro mrefu uliojazwa kokoto, kubwa mwanzoni na ndogo mwishoni, yakienda ubavuubavu huku tope likitulia kwenye nafasi za mawe. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa miongoni mwa mahali pa mwanzo pa kulifanyia majaribio chujio la namna hii, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kazi yake ni kulinda kinachofuata. Na kinachofuata, yaani chujio la mchanga, ndipo nilipokaa muda mrefu kuliko kote.

Kwa kulitazama halina mvuto. Ni sanduku kubwa la zege lisilo na paa. Chini kabisa kuna mabomba yaliyotobolewa, juu yake kokoto, juu ya kokoto mchanga wenye kina cha karibu mita moja, na juu ya mchanga maji ya kina kama hicho, yaliyotulia tuli. Ukisimama ukingoni utadhani ni bwawa lililosahauliwa. Lakini maji yale yanashuka kwa mwendo wa sentimita 10 hivi kwa saa. Hesabu yake ni nyepesi. Chujio lenye eneo la mita za mraba 10, kwa mwendo huo, hutoa lita 1,000 kwa saa, yaani 24,000 kwa siku. Sera ya Maji ya mwaka 2002 ilimhesabia mtu wa kijijini lita 25 kwa siku. Sanduku lenye ukubwa wa chumba cha kulala basi linatosha watu 960, mradi usilikimbize.

Wengi hudhani mchanga unachuja kwa kuzuia, kama chekecheke. Hauwezi. Punje ya mchanga ule ina upana wa robo ya milimita hivi, na mianya iliyo kati ya punje ni mipana mno kwa bakteria, ambaye ni mdogo kuliko punje mara mia na zaidi. Kinachofanya kazi ni utando unaoota juu ya mchanga ndani ya siku na majuma ya mwanzo: mwani, bakteria wasio na madhara, na vijidudu vinavyokula bakteria. Ute wao hunasa kinachopita, nao hukila. Sentimita chache za juu ni mbuga yenye wawindaji na mawindo, na vimelea vya kipindupindu au kuhara vikiingia humo hukuta wenyeji wenye njaa. Chujio lenye afya huondoa zaidi ya asilimia 90 ya bakteria wa kinyesi, mara nyingi asilimia 99, bila dawa yoyote.

Kwa hiyo Fundi hasimamii mashine. Anafuga. Na masharti yake yote yanatokana na hilo. Chujio halizimwi usiku hata kama tenki limejaa, kwa sababu walio ndani wanahitaji hewa inayoletwa na maji yanayopita, na maji yakisimama wanakufa na kuanza kuoza. Uso wa mchanga haukaushwi na jua. Ndiyo maana bomba la kutokea limepandishwa juu kidogo ya usawa wa mchanga kabla ya kumwaga, ili hata mtu akisahau valvu, maji yasiweze kushuka chini ya uso ule. Klorini haitiwi kabla ya chujio. Na mchanga mpya hauaminiwi mpaka majuma kadhaa yapite. Yatokayo kwanza yanamwagwa.

Utando ukizidi kuwa mnene maji hupita kwa shida. Fundi ana ufito alioutia alama, uliosimamishwa ndani ya maji ya juu, na kila asubuhi huandika yamepanda kufikia wapi. Yakikaribia alama nyekundu, siku ya kukwangua imefika. Kukwangua hufanyika baada ya majuma kadhaa au miezi, kutegemea mvua. Hufunga maji yanayoingia, akayaacha ya juu yapungue, kisha hufungua kidogo chini mpaka usawa ushuke sentimita 10 hivi ndani ya mchanga, mgongo wake ukauke kiasi cha kukanyagika. Halafu hutandika mbao, maana mguu mtupu hugandamiza mchanga na kuacha shimo. Sepeto lake limenolewa na kunyooshwa mpaka likawa bapa. Analiingiza kwa kulilaza, kulisukuma mbele, si kuchimba. Anachoondoa ni sentimita moja, mbili zikizidi sana. Utando hutoka kama ngozi, juu rangi ya kahawia iliyochanganyika na kijani, chini yake mchanga mweupe unaonukia udongo wa mvua.

Yule kijana alipoachiwa upande wake, alitia sepeto kwa nguvu zake zote, na toroli la kwanza likajaa upesi. Mzee hakumpigia kelele. Alichuchumaa, akapima kwa kidole chake kina cha lile shimo, akauliza, "Mjukuu wangu, unavuna au unang'oa shamba?" Maana chini ya ile sentimita moja wapo walio hai bado, na ndio watakaouotesha utando upya. Ukiwaondoa wote, unaanza tena na mchanga uliokufa, na kijiji kinasubiri.

Kilichonivutia zaidi ni namna anavyolirudishia chujio maji. Ningekuwa mimi ningefungua valvu ya juu yakaingia. Yeye huyaingiza kwa chini, maji safi kutoka chujio la pili, kwa kuwa mradi una mawili, yakipanda polepole kati ya punje na kuisukuma hewa itoke juu. Nilikaa ukingoni nikatazama mapovu madogo yakichomoza hapa na pale, uso wa mchanga ukibadilika rangi sehemu kwa sehemu, mpaka maji yakaufunika kwa kimo cha kiganja kizima. Hapo tu ndipo aliporuhusu ya mto yaingie, tena yakiangukia juu ya ubao ili yasichimbe. Kama angejaza kwa juu, hewa ingefungiwa ndani, na maji yangetafuta njia zake za mkato kwenye nyufa bila kukutana na wale wenyeji wenye njaa. Maji yatokayo baada ya hapo yanamwagwa siku mbili, wakati mwingine zaidi. Kisha anajaza vichupa vyenye dawa ya kupimia, anaviweka mahali penye joto mpaka kesho yake au keshokutwa. Kikigeuka cheusi, kuna dalili ya kinyesi, na chujio linaendelea kumwaga.

Si maarifa mageni. James Simpson alijenga chujio la mchanga la kampuni ya maji ya Chelsea, London, mwaka 1829, wakati haijajulikana kwamba bakteria huleta magonjwa. Walitaka tu maji yasiyo na tope. Ushahidi mkubwa ulikuja Ujerumani mwaka 1892. Hamburg na Altona ilikuwa miji miwili iliyogusana, mipaka ikipita katikati ya mitaa, yote ikinywa maji ya mto Elbe. Hamburg iliyachukua juu ya mji, bila kuyachuja. Altona iliyachukua chini, baada ya uchafu wa Hamburg kumwagikia humo, lakini iliyapitisha kwenye mchanga. Kipindupindu kilipoingia, Hamburg ilizika watu zaidi ya 8,000. Altona iliguswa kidogo tu. Daktari Robert Koch alionyesha jinsi ugonjwa ulivyofuata mpaka wa mabomba. London ingali inatumia machujio ya mchanga hadi leo, na katika miaka ya 1980 Mtanzania Tolly Mbwette, ambaye baadaye alikuja kuwa Makamu Mkuu wa Chuo Kikuu Huria, alifanyia utafiti huko namna ya kuyakinga kwa vitambaa ili yasikwanguliwe mara kwa mara.

Pamoja na hayo, nimewasikia wataalamu wakiliita chujio hili la kizamani. Linakula eneo, wanasema, na ni kweli. Mjini ni vigumu kulipatia kiwanja. Lakini kijiji chenye mteremko, mchanga na mtu mvumilivu hakihitaji mtambo ambao vipuri vyake vinaagizwa nje, na mimi nimeona mitambo ya namna hiyo mingi ikiota kutu ndani ya uzio uliofungwa kufuli.

Mchanga nao una mwisho wake. Hauondoi floridi. Upande wa Mlima Meru, si mbali na hapa, kuna chemchemi zenye maji maangavu kuliko kioo ambayo mtoto akiyanywa miaka ya kukua, meno yake yanakuwa ya kahawia, na yakizidi sana huharibu mifupa. Kuyachemsha kunaongeza tatizo, maana mvuke unaondoka na floridi inabaki. Kwa miaka mingi Tanzania iliruhusu vijijini mpaka miligramu 4 kwa lita, kwa sababu vyanzo vya afadhali havikuwepo. Sasa kiwango ni 1.5. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimeshughulika na kuiondoa kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, iliyochomwa kwenye hewa kidogo na kusagwa. Huo ni ufundi mwingine, unaostahili makala yake.

Turudi kwenye tenki, kwenye klorini. Watu wengi huiogopa, na harufu yake haipendwi na wanaopika chai. Lakini kilichochujwa kinaweza kuchafuka tena njiani, kwenye kiungio kinachovuja au bomba lililokaa tupu, na klorini ndiyo inayosafiri na maji kuyalinda hadi kwenye koki. Fundi hutumia ile ya unga. Tenki ni la lita 50,000. Akitaka miligramu 1 kwa kila lita anahitaji gramu 50 za klorini yenyewe, na kwa kuwa unga wake una klorini asilimia 65, anapima gramu 77. Ana mizani ndogo ya dukani. Huukoroga unga kwenye ndoo ya plastiki, akiwa amesimama upande upepo unakotoka, huuacha utulie, na kumimina yale maji ya juu tu. Machicha meupe ya chini huziba mabomba. Halafu anangoja nusu saa. Klorini haiui papo kwa papo. Anayeitia na kufungua maji hapohapo amewapa watu harufu ya dawa na vijidudu vilevile.

Kipimo chake hukifanyia kwenye koki ya mwisho kabisa, ya shule, kilomita kadhaa chini, si kwenye tenki. Huacha maji yakimbie kidogo, hujaza kijichupa, hutumbukiza kidonge, hutikisa. Maji hugeuka waridi, naye huyalinganisha na rangi zilizochapwa pembeni. Waridi hafifu, kati ya miligramu 0.2 na 0.5, ndiyo anayoitaka. Yasipogeuka rangi kabisa, hakimbilii kuongeza dawa. Hurudi juu akitembea kando ya bomba, akipima kila kituo, mpaka afike pale ambapo rangi ilipotelea. Kitu kinachokula klorini kipo kati ya vituo viwili hivyo, na mara nyingi ni mahali bomba linapopita chini ya dimbwi.

Uvujaji anautafuta usiku, kila mtu akiwa amelala na koki zote zimefungwa. Mita ya tenki ikizunguka saa nane usiku, mnywaji ni udongo. Lita moja kwa dakika huonekana si kitu, uzi tu wa maji. Kwa siku ni lita 1,440, mgao wa watu 57 kwa zile lita 25. Ana fimbo ya chuma ambayo huisimamisha juu ya bomba na kuitia sikioni. Aliniazima. Sikusikia chochote zaidi ya moyo wangu. Yeye alisikia, akaonyesha kwa mguu, asubuhi wakachimba mita mbili kutoka pale. Mita mbili nzima, akalalamika, masikio yanazeeka.

Yote haya yameandikwa kwenye daftari la kurasa 200 lililofungwa kwa mpira wa tairi: kimo cha maji kwenye ufito, rangi ya kidonge, gramu, mvua, nani amelalamika nini. Sijaona kitabu cha thamani zaidi pale kijijini, na hakina nakala.

Swali la nani anamlipa mtu wa namna hii lina historia ndefu. Mwaka 1971 Tanzania ilijiwekea miaka 20 ya kumfikishia kila mwananchi maji ndani ya mita 400. Miradi ilijengwa, maji yalikuwa bure, na mingi ilikauka kwa kukosa mtu wa kubadilisha kiungio. Sera ya mwaka 1991, na ile ya 2002 baada yake, zikasema wanaotumia wachangie uendeshaji. Sheria ya mwaka 2019 ikaanzisha Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini (RUWASA) na kuziweka jumuiya za watumiaji chini ya usimamizi wake. Kwenye karatasi fundi sasa ana mwajiri. Lakini siku ya uzinduzi, utepe unapokatwa, nani amewahi kumsikia mgeni rasmi akiuliza mchanga wa akiba umehifadhiwa wapi?

Ni hoja iliyokuwa mezani kwenye kikao cha kamati nilichohudhuria. Kukwangua kumeupunguza mchanga wa chujio la kwanza mpaka karibu nusu mita, na chini ya hapo haufai. Fundi aliomba majuma mawili ya kulifunga, na lori moja la mchanga uliooshwa. Mchanga mpya, alieleza, unakwenda chini; wa zamani uliobaki unatolewa kando kwanza na kurudishwa juu, ili wenyeji wake wasianze upya. Mwekahazina akauliza kwa nini wasichukue ule wa mtoni, bure. Fundi alikuwa amejiandaa. Akatoa chupa mbili, akatia mchanga wa mto kwenye moja na ule anaoutaka kwenye nyingine, akajaza maji, akazitikisa, akaziweka juu ya meza. Moja ikaanza kuwa angavu mara moja. Nyingine ilikuwa bado rangi ya maziwa mwenyekiti alipohamia ajenda ya ankara ambazo hazijalipwa. Walimkubalia lori. Majuma wakampa moja, naye akasema atarudi kikao kijacho na zile chupa.